Tata Alikuwa Mstari Upi

Kamachumu, Muleba,
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Mdogo wangu mpendwa Derick,

Hujambo huko Leicester? Na baridi, imeshaanza kukuchapa? Wifi yangu Renatha hajambo? Na wale watoto wawili wanaomwita shangazi yao "Gaudi" kama rika lao, shule inakwendaje? Nakuuliza yote haya kwa mara moja kwa sababu tangu Agosti hujanipa nafasi ya kuuliza hata moja.

Sisi huku tuko salama. Mama anasumbuliwa na goti lake la kushoto, lile lile, na bado halimzuii kwenda misa ya kwanza. Shemeji yako Joackim hajambo, anakusalimu sana. Mvua za vuli zimetushukia vizuri, kibanja chetu cha migomba na kahawa kimekuwa kijani mpaka kinang'aa. Mimi mwenyewe ni mzima, ila nimekonda kidogo, na nakutaja wewe kuwa miongoni mwa sababu.

Ujumbe wangu kwenye simu unausoma. Naviona vile vialama viwili vinageuka rangi, halafu kimya. Nimekaa na kimya hicho wiki kumi na moja, nikasema basi, nitaandika kwa mkono kama Mama alivyokuwa anakuandikia ulipokuwa bweni. Karatasi ukiishika utaisoma tu, najua ulivyo na udadisi.

Barua hii anakuletea Sunil, mtoto wa mzee Suryakant wa pale dukani Bukoba tulipokuwa tunanunua misumari na majembe. Anaondoka keshokutwa Jumanne kwenda kumwona dada yake, na ameniambia kutoka nyumba ya dada yake mpaka kwako haifiki hata nusu saa kwa basi. Nimempa pia mfuko wa senene. Nimewakaanga mwenyewe jana, na nimewanyonyoa mbawa kwa mikono yangu hii, kwa hiyo hata kama umenuna, kula. Nimemwambia Sunil asiwabebe ndani ya mkoba wake wa nguo, mama yake hali nyama na amenisihi harufu isiingie.

Sasa nije kwa Tata, baba yetu, kwa maana ndiye unayemtaka.

Tata yupo. Ninapoandika, amekaa mlangoni na blanketi miguuni, anasinzia na kuamka. Mbavu zimeunga. Anatembea mwenyewe mpaka kwenye uwanja wa kuanikia kahawa na kurudi, akipumzika mara mbili njiani. Majina yanamponyoka. Juzi alimwita Mama kwa jina la marehemu dada yake, na Mama akaitika tu. Anakula vizuri. Daktari anasema moyo wake ni dhaifu na hakuna wa kutuahidi miaka, ila kwa leo Tata yupo, anaomba ugoro wake na tunamnyima.

Najua unazungumza naye kwa simu kila Jumapili, nami hukaa kando jikoni nikisikiliza upande wake tu. Ninachotaka kukueleza hajakueleza yeye, kwa sababu hakukiona. Na mimi siku tuliyogombana nilikieleza vibaya, vipande vipande, halafu ukakata simu.

Ilikuwa Jumatano, tarehe ishirini Agosti. Tata alikuwa amelazwa siku ya nne pale hospitali mjini Bukoba, kwa ile shida ya kupumua. Asubuhi alikuwa na nafuu hata akakataa uji wa hospitali, akataka ndizi. Saa tano hivi nilikuwa namkunjia mto wakati macho yake yalipogeuka. Mashine ikaanza kulia. Nesi mmoja anaitwa Dativa, mwembamba hivi, ungedhani upepo unamchukua, alipanda juu ya kitanda kwa magoti na kuanza kumkandamiza Tata kifuani. Mwingine akanisukuma nje, akavuta pazia.

Pazia halikufunga vizuri. Kwenye ule upenyo niliona mguu wa Tata, ule wa kulia, umevaa soksi ya kahawia uliyomtumia Krismasi, iliyotoboka kidoleni. Mguu ulikuwa unarukaruka kila Dativa alipokandamiza, halafu unatulia. Unaruka, unatulia. Nikaamini ameshakata roho.

Derick, sikumwuliza mtu. Hakuna daktari aliyenitokea kuniambia, hakuna nesi aliyeniambia pole. Nilitoa simu nikampigia baba mdogo Rutaihwa huku Kamachumu, nikamwambia kaka yake ametutoka. Kisha nikakupigia wewe. Uliniuliza saa ngapi, nikajibu sasa hivi. Ukaanza kulia, na mimi nikalia, na simu ikazima kwa kukosa chaji.

Kijiji chetu unakijua. Neno la msiba likifika, majembe yanawekwa chini, hakuna anayelima. Rutaihwa hakungoja uthibitisho wa mtu yeyote, kwani mwenye habari si mtoto wa marehemu mwenyewe? Mikungu ikaanza kukatwa, wanawake wakaleta kuni, nyasi zikatandazwa sebuleni, na Mama akavua viatu akakaa chini juu ya zile nyasi. Kahigi, jirani yetu wa pale bondeni, akapewa sururu na vijana wawili. Unamjua Kahigi, akishika kazi hapumziki. Kufikia saa nane alikuwa ndani ya shimo mpaka mabegani, kati ya mibuni ya babu na mgomba ule mkubwa.

Na huko Bukoba Tata alikuwa hai. Moyo ulirudi.

Nilipata chaji saa nane na nusu, mezani kwa manesi. Nilipompata Rutaihwa na kumwambia, aliuliza kwa adabu kabisa kama nina uhakika safari hii. Wewe nilikupata baadaye kidogo. Ulikuwa umeshaaga kazini, umeshanyoa nywele, umewaweka watoto chini na kuwaambia babu yao hayupo. Nakumbuka hukufurahi kwanza. Ulisema tu, "Gaudiosa, mimi nimeshamlilia." Sentensi hiyo ninayo mpaka leo.

Mama naye hakuniacha salama. Aliniambia nilimnyang'anya mume kwa saa tatu na nusu, na kwamba nishukuru Mungu mwenye kurudisha. Kisha akanipikia. Ndiyo hukumu yake hiyo, na nimeipokea.

Sasa ule utafiti, jambo lililokufanya uninunie kabisa.

Siku ya tatu, Tata akiwa bado hajitambui, aliniita daktari mmoja, binti kijana, Daktari Nuriat. Alikuwa na karatasi. Alinieleza kwamba pale hospitali wanajaribu dawa kwa wagonjwa ambao moyo unasimama wakiwa wodini, na kwamba Tata ameshaingizwa. Ameshaingizwa! Hapo nilisimama. Sauti yangu ya darasa la tano unaijua, ile inayonyamazisha mpaka darasa la jirani. Nilimpa yote. Nilimwuliza nani alimpa ruhusa, na kama angekubali baba yake mwenyewe ajaribiwe dawa hivyo hivyo. Wagonjwa waliinuka kwenye vitanda kutazama.

Aliniacha mpaka nikamaliza. Hakujitetea, akaketi kwenye benchi na kunikaribisha kwa mkono nikae pia. Ndipo akanieleza polepole, nami nakueleza wewe vile vile.

Moyo ukisimama hakuna nafasi ya kumwuliza mgonjwa, wala ya kuwatafuta ndugu wakae kikao. Kwa hiyo kamati inayosimamia utafiti imewaruhusu waanze kwanza, waulize baadaye. Kila mgonjwa anapata yote ya kawaida: kifua kinakandamizwa, hewa inapulizwa, dawa ya kuamsha moyo inachomwa. Hakuna anayenyimwa hata moja ya hizo. Juu ya hayo ndipo kinafunguliwa kisanduku chenye namba, na namba zenyewe hazifuatani. Ndani ya visanduku vingine kuna dawa mbili za nyongeza, ndani ya vingine kuna maji ya chumvi tu. Kwa nje vinafanana kabisa. Dativa hajui alichomchoma Tata. Daktari Nuriat hajui. Hakuna atakayejua mpaka utafiti uishe na namba zifunguliwe, na hiyo ni miaka miwili kutoka sasa.

Nilimwuliza kitu ambacho hata wewe ungeuliza: kama ni dawa nzuri, kwa nini wasimpe kila mtu? Akasema hawajui kama ni nzuri. Inawezekana inarudisha moyo halafu inaharibu kingine. Inawezekana moyo unarudi lakini mtu harudi nyumbani. Aliniambia, "Mama, dawa nisiyoijua siwezi kuiita zawadi." Akaongeza kwamba tangu waanze, mioyo kumi na tisa imesimama katika wodi zile, na watu wanne tu ndio waliotoka kwa miguu yao. Anataka kujua kwa nini wanne.

Na nikikataa? Hilo nalo nilimwuliza, kwa ukali. Alisema nikikataa wanaacha kumfuatilia, habari zake hazitatumika, na matibabu yake hayatapungua hata kidonge kimoja.

Nikatia sahihi. Ukapata habari, ukanipigia na kuniambia nimewauzia baba yetu wakamfanya panya wa majaribio. Nilikujibu vibaya, nami nilikuwa na usingizi wa siku tatu machoni. Leo nakuomba radhi kwa majibu yale. Kwa sahihi yenyewe, subiri nifike.

Tata alizinduka Jumapili yake, siku ya tano. Cha kwanza alichoomba ni maji. Cha pili, aliuliza nani amemvunja mbavu. Tulipomwonyesha Dativa alimtazama juu mpaka chini, mikono ile kama vijiti, akasema haiwezekani, mleteni aliyefanya mwenyewe. Akacheka, akaumia, akacheka tena. Tangu tumrudishe nyumbani, ameshampelekea Dativa mikungu miwili ya ndizi, na mara zote mbili ni mimi niliyebeba.

Alipopata nguvu kidogo, Daktari Nuriat alikuja na karatasi nyingine. Sahihi yangu ilikuwa ya kushikilia nafasi tu. Mgonjwa akishajitambua, anaulizwa mwenyewe kama anaendelea au anajitoa. Nilitaka kumweleza Tata kwa Kihaya, nikaanza na visanduku na namba, na sikufika hata nusu. Alinyanyua mkono akaniuliza, "Ka! Kwa hiyo mimi nilikuwa mstari upi?"

Sikumwelewa. Daktari hakumwelewa. Wewe ungemwelewa pale pale.

Unakumbuka miaka ya mnyauko, kahawa ilipokuwa inakauka imesimama? Bwana shamba alimletea Tata miche ya aina mbili, ikapandwa kwa mistari nyuma ya jiko, kila mstari na kibati chake chenye namba. Tata hakuambiwa ipi ni ipi. Macho yake hayakuweza zile namba ndogo zilizogongwa kwa msumari, kwa hiyo ulikuwa unasoma wewe, umevaa kaptula ya shule, unapiga kelele "kumi na nne, Tata! kumi na tano!" Na yeye anatandaza nyasi sawasawa, mstari huu na mstari huu. Majirani walimcheka. Walisema serikali imempandia kahawa maiti kibanjani. Mwaka wa tatu mstari mmoja ulikauka wote, mwingine ukabaki. Wale waliocheka ndio waliokuja kuomba machipukizi. Kahawa unayokunywa huko kila ninapokutumia, Derick, inatoka kwenye mstari ule uliobaki.

Tata alimweleza daktari habari hiyo yote, kwa pumzi fupi fupi. Daktari aliiandika. Kisha Tata akauliza namba ya kisanduku chake, akaambiwa sitini na tatu. Majina ya mbuzi wetu ameyasahau, lakini sitini na tatu hajaisahau.

Hata hivyo hakutia sahihi. Nilidhani atachukua kalamu pale pale, lakini aliikunja karatasi akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Alisema hatii sahihi karatasi inayowagawa watoto wake. Daktari akampa muda hadi siku ya tisini, atakaporudi kupimwa. Siku ya tisini ni Jumanne ya tarehe 18 mwezi huu. Asipotia sahihi siku hiyo, namba sitini na tatu inafutwa kama haikuwahi kuwepo.

Anakungoja wewe. Kwa simu hatakuambia, hataki kukulazimisha. Anakuuliza habari za mvua ya huko na anakata. Kisha anafungua kitabu cha sala, anaitazama ile karatasi, anakifunga.

Nikueleze na habari ya shimo, maana hii nina hakika hakuna aliyekuambia.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na kaburi lililochimbwa haliachwi wazi. Wazee walikaa jioni ile ile wakakubaliana litiwe gogo la mgomba badala ya mwili, kama tulivyowafanyia waliopotea ziwani. Kazi akapewa tena Kahigi. Sasa Kahigi alikuwa amechoka, amechimba mchana kutwa kwa ajili ya mtu asiyekufa, na nadhani alikuwa na hasira kidogo. Badala ya kukata gogo tupu kama inavyotakiwa, aling'oa mgomba mzima na tunguu lake na mizizi, akautumbukiza, akafukia, akaenda kuoga.

Mvua za Oktoba zilipoanza, ukachipua.

Rutaihwa aliuona wa kwanza akaja mbio. Alitaka ung'olewe siku hiyo hiyo, akasema si jambo la kuchezea. Mama alijiuma vidole. Tata akaomba fimbo yake, akaenda mwenyewe, hatua kwa hatua, akasimama juu ya kaburi lake akautazama muda mrefu. Akaupima kwa fimbo, ulikuwa umemfika gotini. Akasema asiguse mtu. Siku iliyofuata akamwagiza Kahigi alete nyasi, autandazie. Kahigi alileta, huku hamtazami usoni. Leo mgomba umemfika Tata kiunoni na una majani manne.

Sasa nimefika kwa sahihi yangu, na hili sijamwambia hata Joackim.

Wiki ya pili Daktari Nuriat alinionyesha karatasi ya siku ile, dakika kwa dakika, walivyoandika. Walimkandamiza Tata kwa dakika ishirini na nne. Simu yangu nayo ina kumbukumbu zake, nikalinganisha. Nilimpigia Rutaihwa dakika ya nne. Dakika ya nne, Derick. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwa baba yangu, nikimzika kwa simu, nikipanga nani alete kuni, na nyuma ya pazia watu wasiojua hata jina la kijiji chake walikuwa wanakataa. Walibadilishana wanne, kila mmoja akichoka anashuka mwingine anapanda. Dakika ishirini nzima baada ya mimi mwanawe kukata tamaa, wao walikuwa bado wanahesabu.

Kwa hiyo nilitia sahihi kwa aibu. Sikuelewa utafiti wowote siku ile, usije ukadhani dada yako ni msomi. Nilikuwa na deni ambalo sikujua pa kulipeleka, na yule binti alikuwa mbele yangu na karatasi. Labda katika hilo una haki. Labda sahihi ya aibu si sahihi. Lakini sasa haipo tena, imebaki yake yeye, na yeye anajua anachokitia sahihi kuliko sisi wote, kwa kuwa alishawahi kutandaza nyasi mistari yote miwili bila kujua.

Ombi langu ni moja. Kabla ya Jumanne ile, mpigie Tata umwambie lililo moyoni mwako juu ya karatasi hiyo, liwe ndiyo au liwe hapana. Usimwulize habari za mvua. Ukisema hapana, mimi mwenyewe nitairudisha kwa Daktari Nuriat, na wala sitakushika neno. Ila usimwache akingoja. Moyo ule umeshasimama mara moja, usiuchoshe kwa kimya.

Na mimi, ukipata nafasi, unigombeze. Nipigie unigombeze vizuri mpaka umalize, kama nilivyomgombeza yule daktari. Nimekukumbuka mno, Derick. Nimekumbuka hata kelele zako. Uliponiambia umeshamlilia, nilitamani niwe na njia ya kukurudishia machozi yale, na sina.

Hayo tu, mkono umechoka. Mama anakusalimu, anauliza kama soksi za kahawia bado zinapatikana, maana ile iliyotoboka ameifua na kuiweka kabatini kama kitu cha kanisani. Baba mdogo Rutaihwa anakusalimu. Kahigi pia, kwa aibu. Mbusu Renatha na watoto, uwaambie babu yao yupo na anawatakia heri. Bwana aliyetuachia Tata kwa mara ya pili awalinde huko mliko, awape joto ndani ya nyumba na amani kati yenu.

Nimemwachia Tata nafasi hapo chini. Ameamka, anaitaka kalamu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata uninunie,

Gaudiosa.


Mwanangu Derick,

Samahani kwa mwandiko. Usimnunie dada yako. Aliniua kwa simu, lakini siku zile tano ndiye aliyenikanda miguu ikawa na joto, nilikuwa namsikia.

Karatasi ninayo, na kalamu ndiyo hii. Nangoja sauti yako tu.

Siku watakapofungua namba nataka unisomee wewe, kama zile za kahawa. Sitini na tatu, usisahau. Nikiwa sipo, waitu, tafadhali, njoo usimame pale penye mgomba unisomee kwa sauti. Nitajua nilikuwa mstari upi.

Baba yako,
Protase.